Milioni sita na siku za likizo: tuisaidieje sayansi ya hifadhi zetu?

"Sisi ni watu kumi na wawili tuliosoma pamoja Kilombero, sasa tumetawanyika Dar es Salaam, Dodoma na Mbeya. Tunachangishana kila mwezi, na mwaka huu tumefikisha shilingi milioni sita ambazo tungependa ziende kwenye utafiti wa wanyama katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, kwa kuwa ndiyo milima tuliyokuwa tukiiona kila asubuhi tukienda shule. Baadhi yetu wako tayari kutoa likizo zao pia. Mwenzetu mmoja anasema tununue kamera za kutega porini, zile zinazopiga picha zenyewe mnyama anapopita, tuikabidhi hifadhi. Mwingine anasema utafiti ni anasa, afadhali tuwanunulie askari viatu. Wa tatu ameona tangazo la kujitolea kwa kulipia katika nchi ya kusini mwa Afrika, ambako mtu anakabidhiwa watoto wa simba awalee. Wote tunaogopa fedha zetu zisije zikaishia kwenye posho za semina. Tufanye nini?"

Ndugu zangu, nimelisoma swali lenu mara mbili, na ninaona kwamba chini ya mabishano yenu kuna hofu moja: kwamba mtatoa fedha za jasho na siku za mapumziko, kisha msiweze kuonyesha hata jambo moja lililobadilika msituni kwa sababu yenu. Hofu hiyo ni halali kabisa. Nimefanya kazi ya ikolojia ya wanyamapori kwa miaka mingi, na nimeshuhudia michango ikipotea bila mwizi yeyote kuhusika, kwa sababu tu ilinunua kitu kisichohitajika, au ilikuja mara moja kwa kishindo kisha ikakatika. Kwa hiyo nitaanza na namna sayansi ya hifadhini inavyofanya kazi, maana mkilielewa hilo mtaona wenyewe fedha zenu ziingie wapi.

Nianze na yule anayesema utafiti ni anasa. Simlaumu, kwani askari anayelala porini kwa siku kumi anastahili viatu vizuri. Lakini askari analinda kile ambacho mtu fulani amekwisha kukitambua kuwa kipo, kinapungua au kinaongezeka, na sababu ya kupungua au kuongezeka mara nyingi siyo ile tunayoidhania. Chukueni mfano wa nyumbu wa Serengeti. Mwaka 1961 walikadiriwa kuwa kama 250,000 hivi, na kufikia mwaka 1977 walikuwa wamezidi milioni 1. Mtu angeweza kusema ulinzi umeimarika, basi. Watafiti waliokuwa wakiwahesabu kwa ndege na kuchunguza damu yao walionyesha jambo jingine: kwa miongo mingi nyumbu walikuwa wakiuawa na sotoka, ugonjwa uliotoka kwa ng'ombe, na ng'ombe wa wafugaji walio kandokando ya hifadhi walipochanjwa, nyumbu wakapona bila hata mmoja wao kudungwa sindano. Nyumbu walipoongezeka walikula majani mengi, moto wa kiangazi ukapungua kwa kukosa nyasi kavu, na miti ikaanza kurudi. Mnyororo huo wote, kutoka sindano ya ng'ombe hadi mgunga unaochipua, tusingeujua kama hesabu ingefanywa mara moja tu.

Au simba wa hifadhi hiyohiyo. Wamefuatiliwa tangu mwaka 1966, mmoja mmoja, kwa kutumia vidoa vilivyo kwenye mizizi ya masharubu yao, ambavyo havifanani kati ya simba mmoja na mwingine. Mwaka 1994 walianza kuanguka na kutetemeka, na karibu theluthi moja ya simba wote wa Serengeti wakafa. Kwa kuwa walikuwa wakifahamika, ilijulikana mapema kwamba kuna balaa, sampuli zikachukuliwa, na ikabainika kuwa ni distempa, virusi vya mbwa. Ndipo chanjo za mbwa katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi zilipopata msukumo mkubwa, zikiwa na kinga ya kichaa cha mbwa ndani yake, kinga ambayo inaokoa watoto wa vijijini kabla hata ya kufika kwa simba. Sisemi viatu vya askari havina maana. Ninachosema ni kwamba yule anayeandika vidoa vya masharubu kwenye daftari naye analinda.

Sasa turudi Udzungwa. Mmechagua mahali pazuri, na pana historia inayohusu hasa jambo mnaloliuliza. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1992. Mwaka 2006 kilifunguliwa Mang'ula kituo cha ufuatiliaji wa ikolojia, kwa ushirikiano wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na jumba la makumbusho ya sayansi la mji wa Trento, Italia. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kamera iliyotegwa katika misitu ya milima hiyo ilikuwa imenasa picha ya mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga na uso wa kijivu, sange mkubwa kuliko wote wanaojulikana, ambaye mwaka 2008 alitangazwa rasmi kuwa spishi mpya kwa sayansi. Na tangu mwaka 2009 ulianza mpango wa kutega kamera katika vituo 60 vya msitu, kila kituo kwa siku 30, wakati wa kiangazi, kisha mwaka unaofuata palepale tena.

Neno "palepale" ndilo roho ya jambo lote, nami naomba mnivumilie nilieleze taratibu. Picha moja ya minde, yule swala mweusi wa misituni asiyepatikana popote duniani isipokuwa Tanzania, inafurahisha sana, lakini haisemi chochote kuhusu wingi wa minde. Kamera huona kipande kidogo cha njia ya wanyama. Minde anaweza kuwapo na asipite hapo, au akapita usiku ambao unyevu umefunika kioo. Kwa hiyo mtafiti hahesabu picha tu, bali huhesabu pia siku ambazo kamera ilikuwa hai bila kuona mnyama, na kutokana na mpangilio wa siku za kuonekana na za kutoonekana katika vituo vingi hukadiria uwezekano wa mnyama kuwapo hata pale ambapo hakuonekana. Hesabu hiyo inasimama juu ya sharti moja: njia ya kutazama isibadilike. Mkihamisha kamera, mkibadilisha msimu au mkiruka mwaka, basi tofauti mtakayoiona mwakani huenda ikawa ya minde, huenda ikawa ya kwenu wenyewe, na hakuna fundi wa takwimu atakayeweza kuzitenganisha.

Mambo haya yamenikuta mimi mwenyewe. Katika mradi mmoja niliofanya kazi, mfadhili alijiondoa baada ya miaka mitatu na tukakaa misimu miwili bila mafuta ya gari wala watu wa kuhesabu. Tulipopata fedha tena na kurudi kwenye mistari yetu ya kutembea tukihesabu, swala wa eneo lile walikuwa wamepungua karibu nusu. Je, walikufa wote kwa mwezi mmoja, ishara ya ugonjwa, au walipungua kidogo kidogo, ishara ya ukame au mitego ya nyaya? Hatukuweza kusema, na uongozi wa hifadhi ulipotuuliza ufanye nini, hatukuwa na jibu la kuupa. Hadi leo nikitazama ule mchoro, mstari unakatika katikati, na ndani ya pengo lile ndimo lilimokuwa jibu tulilolihitaji.

Kwa hiyo kuhusu kamera: nawaomba msizinunue, walau siyo kwanza. Vifaa ndivyo vitu ambavyo wahisani hupenda kutoa, kwa sababu vinapigwa picha vikikabidhiwa. Lakini kamera huanza kula fedha siku ile inapowashwa. Inahitaji betri nyingi kwa kila msimu, na betri za bei rahisi huzima siku ya kumi na mbili huku watu wakidhani iko hai. Inahitaji kadi za kumbukumbu, vifuko vya kunyonya unyevu, na mkanda imara, kwa kuwa tembo huing'oa na fisi huitafuna. Nimewahi kufungua kamera nikakuta siafu wamejaza mayai kati ya betri na chemchemi zake. Zaidi ya yote, inahitaji mtu wa kupanda mlima kwenda kuitega na kuitegua, na mwingine wa kukaa mezani kwa majuma akitenganisha picha za wanyama na picha za matawi yaliyotikiswa na upepo. Ghala linaweza kujaa kamera nzima kabisa wakati mtu huyo hayupo kwa kukosa ujira. Na mkinunua aina tofauti na ile inayotumika, mnaweza kuharibu ulinganifu wa data, maana kamera mbili zenye kasi tofauti za kuamka hazioni wanyama sawa.

Hapo ndipo likizo zenu zinapoweza kuwa na thamani kuliko mnavyofikiri. Mwaka 2010 watafiti wa simba walianza kutega kamera 225 katikati ya Serengeti, na picha zikawa nyingi kupita uwezo wa chuo chochote. Wakaziweka mtandaoni, na zaidi ya watu 28,000 wa kawaida, waliokaa majumbani mwao sehemu mbalimbali za dunia, wakazitambua kwa kujitolea: huyu pundamilia, huyu kongoni, hapa hakuna kitu. Kila picha iliangaliwa na watu kadhaa na jibu la wengi likachukuliwa. Majibu hayo yalipolinganishwa na ya wataalamu, yaliafikiana kwa zaidi ya asilimia 96. Picha hizo zilizotambuliwa zilitumika baadaye kufundisha kompyuta kutambua wanyama zenyewe. Miradi ya namna hiyo bado ipo katika jukwaa la mtandaoni la Zooniverse, haidai ada, na mtu wa Dodoma mwenye simu na nafasi ya muda wa saa moja wakati wa jioni anaweza kushiriki. Najua wengi huona kazi hiyo haina hadhi kwa kuwa haina buti wala vumbi, lakini kwa mtafiti saa moja hiyo ni msaada wa kweli.

Wale wanaotaka buti na vumbi nao wana nafasi, ila wafahamu kwamba mtu wa kujitolea hafiki bure. Anahitaji kufundishwa, kulindwa, kulishwa na kusafirishwa, na anayemfundisha ameacha kazi nyingine. Mtu wa wiki mbili, asiyerudi tena, mara nyingi humgharimu mtafiti kuliko anavyomsaidia. Yule anayerudi kila mwaka katika msimu uleule, hata kwa siku tano tu, ni hazina, kwa sababu mwaka wa pili hafundishwi tena na macho yake yanakuwa sehemu ya kipimo. Kama baadhi yenu wanapenda ndege, hesabu za ndege ni mlango mzuri zaidi wa kuingilia. Ramani za mtawanyiko wa ndege wa Tanzania zimejengwa tangu miaka ya 1980 kwa sehemu kubwa na kumbukumbu za watu wanaojitolea.

Nitawaeleza pia kosa ambalo karibu kila mgeni hulifanya, ili nyinyi msilifanye. Anapewa daftari, penseli na saa, anaambiwa atembee kilomita mbili polepole aandike kila mbega anayemwona. Akiona kundi, anaandika kwa furaha. Akitembea asubuhi nzima bila kuona kitu, anarudi na ukurasa mweupe, na pengine anaona haya kuukabidhi. Ukurasa huo mweupe ni hasara tupu, kwani mimi nikiupokea siwezi kujua kama hapakuwa na mbega au hapakuwa na mtu. Laiti angeandika tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, hali ya hewa na sifuri moja, angekuwa amenipa data yenye uzito uleule wa yule aliyeona makundi manne. Wasaidizi wa utafiti wenye uzoefu huiandika sifuri hiyo kwa mkazo, wengine huizungushia duara.

Kuhusu tangazo la watoto wa simba, sitazunguka: msiende, wala msilipe. Utafiti halali ndani ya hifadhi ya taifa humweka mtu mbali na mnyama, na pale ambapo mnyama anapaswa kushikwa, kama kuvishwa kola ya mawimbi ya redio, huwa kuna daktari wa wanyamapori mwenye kibali. Simba mdogo aliyezoea kushikwa na watu hawezi kurudishwa porini, na swali la kujiuliza ni hili: mwakani akiwa mkubwa, hashikiki tena, anapelekwa wapi? Huko kusini mwa Afrika kuna biashara inayomzalisha mnyama huyo akiwa kizuizini, ikamtoza mgeni ada ya kumlea, kisha ikamuuza kwa wawindaji au kwa ajili ya mifupa yake. Siwezi kusema kila kituo kinafanya hivyo, lakini kokote mnakoruhusiwa kumbeba mnyama wa porini kwa ada, hapo si mahali pa sayansi. Kulipia kujitolea kwenyewe si dhambi. Ipo miradi ya kweli inayotumia ada ya wageni kulipa mafuta na mishahara. Itambueni kwa kuomba kuona ilichochapisha, kibali chake, na jina la Mtanzania anayeifanya kazi hiyo wakati wageni wameondoka.

Hapo mwisho ndipo penye uzito mkubwa kwangu. Katika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako hayati Jane Goodall alianza kuwatazama sokwe mwezi Julai 1960, waasi waliovuka ziwa walivamia kambi mwezi Mei 1975 na kuwateka wanafunzi wanne wa kigeni. Baada ya hapo watafiti wa kigeni hawakuweza kukaa pale kama mwanzo. Utafiti ungeweza kufa mwaka ule. Haukufa, kwa sababu Watanzania waliotoka katika vijiji vya jirani waliendelea kupanda vilima kila alfajiri, kuwafuata sokwe na kuandika, kwa Kiswahili, nani alikula nini, nani alikaa na nani. Madaftari hayo ya Kiswahili ni sehemu ya mojawapo ya kumbukumbu ndefu kuliko zote za wanyama wa porini duniani, na wanasayansi wa vyuo vikuu vya mbali hulazimika kutafsiriwa ili wayasome. Kilichoiokoa sayansi ile ni watu wa mahali pale wenye ujuzi, waliolipwa mwezi hadi mwezi.

Ndiyo maana ushauri wangu kuhusu milioni sita ni huu: msizitoe kwa mkupuo. Toeni mbili kwa mwaka kwa miaka mitatu, mkiandika ahadi hiyo, na muendelee kuchangishana ili mwaka wa nne usiwe pengo. Fedha ndogo inayojulikana kwamba itakuja humwezesha mtafiti kupanga, kuliko kubwa ya ghafla. Ningezielekeza katika moja ya sehemu mbili. Ya kwanza ni ujira, chakula na bima ya wasaidizi wa utafiti katika msimu wa kutega kamera. Ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi kwa kiasi chenu, ni gharama za porini za mwanafunzi wa shahada ya uzamili kutoka SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, ambaye utafiti wake unatumia au kuendeleza data zilizokwisha kukusanywa Udzungwa. Wanafunzi wengi wana ada iliyolipwa lakini hawana nauli ya kufika msituni, na wengine hubadilisha mada kwa sababu hiyo tu. Udhaifu wa njia hii ni kwamba mwanafunzi anaweza kuchelewa au kuacha, kwa hiyo fedha zipite chuoni na zitolewe kwa awamu.

Kuhusu posho, tofautisheni. Posho ya mtu anayelala kwenye hema akibeba betri mgongoni ni mshahara wa haki, na mkiikata mnakata data. Posho ya kukaa hotelini kusikiliza jinsi data zitakavyokusanywa ni jambo jingine. Vilevile msivutwe na mradi unaojigamba kwamba hautumii hata senti kwa ofisi. Data isiyo na mtu wa kuihifadhi hupotea siku kompyuta inapoibwa. Ombeni bajeti inayoonyesha siku ngapi za porini zitafanyika kwa fedha zenu, nani atatunza nakala za data, na matokeo yatarudishwaje kwa hifadhi na vijiji. Kama mpokeaji ni shirika lisilo la kiserikali, sheria ya mwaka 2002 inayoyasimamia mashirika hayo inalitaka liwasilishe taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa, kwa hiyo kuziomba si kumvunjia mtu heshima. Akisita, mmepata jibu.

Yapo mambo msiyopaswa kuyafanya peke yenu. Utafiti wa wanyamapori nchini unaratibiwa na TAWIRI, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1980 na yenye makao makuu Arusha, ikishirikiana na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, katika vibali. Msitege kamera hifadhini kwa nia njema mkidhani mnasaidia, kwani bila kibali ni kosa, na picha zenu hazitatumika. Mkimwona tembo au faru mahali popote, msiweke mtandaoni picha yenye kuonyesha mahali hasa, kwa kuwa majangili nao husoma. Na kabla ya kuahidi kwa maandishi, kaeni ana kwa ana na ofisa wa ikolojia wa hifadhi, kisha mpeni mwanasheria au mhasibu mnayemwamini aisome barua ya makubaliano, hasa kifungu cha nini kitatokea mradi ukisimama katikati.

Safari hiyo ya Mang'ula ifanyeni kiangazi, wawili au watatu kati yenu, kabla shilingi ya kwanza haijatoka. Mkifika, mwombeni mwenyeji wenu awaonyeshe daftari la msimu uliopita, lile lenyewe lililokwenda msituni, lenye madoa ya jasho na udongo. Lifungueni katikati, mtafute siku ambayo hakuonekana mnyama yeyote, mtazame kama kuna mtu aliyeandika saa, jina lake na sifuri. Kama ipo, ketini na mwenyeji wenu mzungumze bajeti.